Kitukuu wa Waiyaki

Msafiri atokaye katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Nakuru huipita Uthiru akiwa katika Barabara ya Waiyaki. Jina hilo hutajwa na makanga wa matatu kutwa kucha, na aghalabu hapana abiria akumbukaye kwamba lilikuwa la mtu, wala kwamba mtu huyo aliponzwa na mapatano.

Mwaka 1890 Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa pande za Dagoretti na Kabete, alikula yamini ya udugu na Kapteni Frederick Lugard, mjumbe wa kampuni ya Waingereza iliyotaka njia ya kwenda Uganda. Yamini haikudumu. Watumishi wa kampuni walipora vyakula na mifugo, na mwaka 1891 ngome ya Fort Smith ikajengwa Kabete. Agosti 1892 Waiyaki aliingia ngomeni humo, ugomvi ukazuka, akajeruhiwa kichwani, akatiwa minyororo na kupelekwa upande wa pwani. Alifia njiani, Kibwezi. Masimulizi ya Wakikuyu hushikilia kwamba alizikwa hai, kichwa chini.

Kwa desturi ya Wakikuyu, kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Waiyaki alimzaa Munyua, Munyua akamzaa Tirus Waiyaki, na Tirus akamzaa Munyua mwingine, huyu wa makala haya. Ikumbukwe kwamba Wakikuyu hawakuwa na wafalme, hivyo kumwita mtu huyu mwana wa jumbe la kifalme ni kupotosha. Hata hivyo, jina lenyewe lilikuwa urithi tosha.

Dakta Munyua Waiyaki alisoma Fort Hare, Afrika Kusini, kisha udaktari katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti. Mwaka 1963 aliingia bungeni kwa kura za Nairobi. Wizara ya Mambo ya Nje aliipata mwaka 1974, nayo ilikuwa wazi kwa sababu wapigakura wa Dagoretti walikuwa wamemwangusha Dakta Njoroge Mungai, waziri na jamaa ya Rais Kenyatta. Daktari akampisha daktari! Ni nadra eneo la Uthiru na jirani zake kuyagusa mambo ya nje kiasi hicho.

Mwaka 1976 ndio uliompima. Mwezi Februari Idi Amin alidai sehemu ya magharibi ya Kenya kuwa ya Uganda. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli waliwaokoa mateka Entebbe, na ndege zao zikatua Nairobi kutia mafuta na kuwashughulikia majeruhi. Kenya ilikuwa mwanachama wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Ingewezaje kueleza kwamba uwanja wake ulimfaa aliyevamia nchi mwanachama? Serikali ilijitetea kwa hoja ya utu. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli, ila haikuwa ukweli wote, na yamkini waziri alilijua hilo kuliko yeyote. Waliolipa walikuwa Wakenya waishio Uganda, ambao baadhi yao waliuawa na askari wa Amin. Mwezi Agosti serikali hizo mbili zilitia saini mapatano mjini Nairobi.

Kwa hiyo kitukuu wa mtu aliyeangamizwa na yamini iliyovunjwa naye alitumikia serikali iliyoweka wino karatasini na jirani asiyeaminika. Tofauti ni kwamba safari hii Kenya ilikuwa na mafuta, bandari na reli ambavyo Uganda haingeweza kuvikosa. Mwaka 1890 Waiyaki alikuwa na neno lake tu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake. Mwaka 1979, Moi akiwa rais, Dakta Waiyaki alihamishwa wizara. Mwaka 1983 alipoteza kiti cha ubunge. Alifariki mwaka 2017. Barabara ipitayo Uthiru ingali na jina la babu wa baba yake.