Nyoka Mwenye Pembe Katika Majani ya Ng'ombe

Askari polisi mmoja mstaafu, mkazi wa nyanda za juu za Naivasha nchini Kenya, alikuwa akikata majani ya ng'ombe kando ya vichaka vya leleshwa. Mundu wake ukamfunua nyoka mfupi, mnene, wa rangi ya kijivu, aliyejikunja huku akifoka.

"Baba watoto, wangoja nini? Muue!" alisema mkewe. "Mtoto hupita hapa akienda shule."

Neno hilo lilikuwa na haki yake. Hata hivyo mzee alirudi nyuma hatua nne, akatazama. Kwanza alimdhania mtoto wa moma. Lakini moma ana alama za mfano wa herufi V mgongoni, na huyu hakuwa nazo. Alikuwa na mstari mweupe uliofifia katika kila ubavu, madoa meusi juu yake na chini yake, na juu ya kila jicho gamba moja limesimama kama pembe. Urefu wake haukufika dhiraa moja.

Mzee akampiga picha kwa simu kutoka pale pale aliposimama. (Kumgeuza nyoka kwa fimbo ili picha ipendeze ni njia fupi ya kupoteza kidole.) Kisha akaandika kama alivyozoea kuandika katika kitabu cha matukio kituoni: tarehe, saa, mahali, mwinuko, aina ya majani, mawe yaliyokuwapo. Yote yakapelekwa kwa wataalamu wa makumbusho, Nairobi.

Jibu lilikuja: Bitis worthingtoni. H. W. Parker ndiye aliyempa jina hilo mwaka 1932, kwa heshima ya E. B. Worthington, mtafiti wa maziwa ya Afrika Mashariki. Nyoka huyu hapatikani katika nchi nyingine yoyote ila Kenya, katika majani na mawe ya Bonde la Ufa na kingo zake, mahali palipoinuka kupita mita 1,500. Sehemu kubwa ya nyika hizo imekwisha kulimwa. Sumu yake haijatengenezewa dawa mahsusi. Aliyeumwa asichanjwe wala asifungwe kamba, bali atulizwe na kufikishwa hospitali upesi.

Ndipo mzee alipokumbuka kwamba mwaka uliotangulia alimwua nyoka mfupi wa kijivu, akamtupa chooni. Huenda naye alikuwa na pembe. Hakuna tena awezaye kusema.

Mkewe hakutulizwa na jina la kigeni. Siku ile ile ya tukio alisimama njiani mpaka majani yalipofyekwa pande zote mbili, na mtoto akanunuliwa buti za mpira.

"Na hilo liandike," alisema.

Mzee akaliandika chini ya mstari wa mwisho, uliosomeka: "Saa 4.40 asubuhi, nyoka aliingia chini ya mawe mwenyewe, bila kuguswa."