Zamu Yangu

Kabla ya pambano lolote kwenye Dungeons & Dragons, kila mchezaji anarusha dadu ya pande 20, anajumlisha alama za wepesi wa mhusika wake, halafu anataja alichopata. Mwendesha mchezo anaandika majina kuanzia jumla kubwa hadi ndogo. Hiyo ndiyo foleni. Majoka na mazimwi nayo yanapangwa humo humo, na mpangilio haubadiliki, raundi baada ya raundi, mpaka upande mmoja uanguke au ukimbie.

Wapenzi wa fasihi huicheka sana foleni hii, na wana hoja. Raundi moja ni kama sekunde 6 tu ndani ya hadithi, ila mezani kwetu, tukiwa watano, inaweza kula nusu saa. Joka limeachama mdomo, linamsubiri mtu atafute silaha yake kwenye karatasi. Hadithi gani inaendeshwa kama dirisha la benki? Toleo la pili la Advanced Dungeons & Dragons, la mwaka 1989, lilikuwa na fujo zaidi: unatangaza kwanza utakachofanya, ndipo dadu ya pande 10 inarushwa, na mwenye namba ndogo anatangulia. Ulishasema utamchoma adui, kumbe zamu yako ikifika keshakufa. Kwa usimulizi, ile naiona bora.

Lakini mimi nina kigugumizi.

Kwenye maongezi ya kawaida, hasa ya watu waliozoeana, anayewahi ndiye anayesema. Mpaka neno langu litoke, mada imeshahama, nami nakuwa najibu swali la dakika tatu nyuma. Kwa hiyo nilijifunza kucheka pale wengine wanapocheka. Marafiki wengi wananijua kama mtu mpole. Si mpole hata kidogo.

Sauti inayonikaba zaidi ni N mwanzoni mwa sentensi, na hapo Kiswahili hakina huruma: napiga, ninakimbia, nitajificha, nilimwona. Ukitaka tu kusema umefanya jambo, inakusubiri mlangoni. Mezani nikagundua uchochoro. Mchezaji anaruhusiwa kusema "anapiga", kana kwamba anamsimulia mhusika wake kwa mbali. Wenzangu walidhani ni mtindo, na mmoja akausifu, akasema unanipa sauti ya msimulizi wa zamani. Sikumwambia.

Mwaka jana tulijaribu Apocalypse World, mchezo wa Vincent Baker wa mwaka 2010. Humo hakuna foleni ya mapambano. Watu wanaongea, mwendesha mchezo anamgeukia huyu, kisha yule, na vita vinatiririka kama sura ya riwaya. Kwa kweli ilikuwa hadithi nzuri kuliko zote tulizowahi kutunga pamoja. Nilisema mara mbili usiku mzima, moja ikiwa kuomba chai. Mwendesha mchezo alinigeukia mara kadhaa, nakiri, ila mezani kulikuwa kumechangamka, na ukimya wa mtu kama mimi unaonekana kama ruhusa.

Tuliporudi kwenye foleni, mmoja wetu akaleta saa ya mchanga ya dakika moja ili kuharakisha mambo. Wazo la maana, jamani, hata mimi kusubiri kunanichosha. Nilipouona ule mchanga unashuka, tumbo likanikaza. Sikupinga. Kupinga kungetaka sentensi inayoanza na N.

Wiki mbili baadaye mhusika wa dada mmoja, ambaye alikuwa amemcheza kwa karibu miaka miwili, akaanguka mbele ya zimwi. Kwa kanuni, aliyeanguka anarusha dadu kila zamu yake inapofika: akipata 10 au zaidi, nafuu, 9 kushuka chini, doa. Madoa matatu, amekufa. Yeye tayari alikuwa na mawili. Kwenye foleni alikuwa wa kwanza na 17, zimwi likafuata na 12, wengine wakawa katikati, na mimi, mwenye wepesi wa kusikitisha, nikawa wa mwisho na 3. Baada yangu raundi ingeanza upya, na yeye ndiye wa kwanza kurusha.

Saa ya mchanga ikageuzwa. Nilikuwa na chupa ya dawa. Nikafungua mdomo, neno likakwama.

"Anamchoma zimwi!" jirani yangu akasema, kwa nia njema kabisa, maana ndivyo nilivyozoea kufanya. Mkono wake ulikuwa umeshashika dadu yangu.

Mwendesha mchezo akailaza ile saa ubavu, mchanga ukasimama. "Kaka, si zamu yako," akamwambia. Hakunitazama mimi. Akaendelea kuchora kitu pembeni ya karatasi yake.

Sijui kwa nini sikupita uchochoroni. Ningesema "anampa", ingetoka mara moja. Nikaanza na ile ile inayonikaba, ikakaba, nikavuta pumzi, nikaianza tena. Hakuna aliyekohoa. Nje bodaboda ilipita, ikapotea.

"Nampa dawa," nikasema. "Nampiga magoti pembeni yake, nam... nammiminia yote."

"Unapiga magoti," jirani akanisahihisha, tukacheka wote, mimi nikiwa wa kwanza.

Nikarusha dadu mbili za pande 4, nikaongeza 2. Ikawa 7. Akafumbua macho.

Zamu yake ilipofika hakuhitaji tena kurusha kwa ajili ya uhai wake, ila akaichukua dadu, akairusha tu ili aone. Ikatoka 6.