Kaka wa doria, Ami wa magendo

Nimerudi juzi kutoka Konde. Kama kawaida ya mtu aliyekwenda kwao, nimerudi na ndizi, na kifuko cha karafuu za kutilia pilau (kijifuko tu, msinitie matatani), na jambo moja ambalo tangu nishuke bandarini linanizunguka kichwani. Nimeona niliandike, labda litatulia.

Kwa wale wasiofika, Konde ipo kaskazini ya Pemba, wilaya ya Micheweni. Unateremka garini kutoka Chake, unalikuta soko, unaendelea mbele unaingia msitu wa Ngezi, ukitoka msituni ni Makangale, halafu mnara wa taa wa Ras Kigomasha, na hapo Pemba imekwisha. Ng'ambo ya maji ni Kenya. Shimoni, Vanga, na juu zaidi Mombasa. Mtu wa Konde akikwambia "ng'ambo" hana maana ya Ulaya.

Kwetu tuna watu wawili wanaoijua bahari ile usiku kuliko mchana. Mmoja ni kaka yangu mkubwa, askari wa KMKM. Mwingine ni Ami, mdogo wake baba, ambaye ujana wake wote aliumalizia katika kazi ambayo KMKM iliundwa kuizuia. Kirefu chake ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Nasema hivyo kwa sababu watu wengi wa Bara wanaijua kama timu ya mpira. Nikiwa chuo Dar es Salaam, kuna jamaa aliniuliza kaka yangu anacheza namba ngapi.

Kaka na Ami hawajasemeshana tangu 2011. Wakikutana msikitini wanapeana mkono, basi. Tumelizoea kama watu wanavyozoea paa linalovuja.

Safari hii nilikwenda na daftari. Nilitaka kuandika maisha ya askari wa doria baharini. Kaka siku hizi yupo nchi kavu, stoo, mgongo umeshachoka kupigwa na mawimbi, kwa hiyo hakuwa na haraka. Tukakaa barazani baada ya isha, mimi na kalamu yangu, yeye na kikombe chake cha kahawa.

Kwanza alinivunja moyo. Mimi nilitaka kufukuzana na risasi, yeye akanipa hadithi ya kukaa.

"Doria ni kukaa," alisema. Mnatoka jua likizama, watu saba kwenye boti ya fiba, mashine mbili nyuma. Mkifika pahala penu mnazima mashine, mnazima taa, mnakaa. Sigara marufuku, maana baharini usiku kichungi kimoja cha sigara kinaonekana mbali. Simu zimezimwa. Mnanong'ona kama mpo msibani. Saa tatu, saa tano, saa nane za usiku. Mkondo unawachukua taratibu, mnajirudisha kwa kasia. Asubuhi mnarudi hamkuona hata ngalawa, na kesho mnatoka tena.

Chakula ni chai ya rangi kwenye chupa, boflo, na muhogo wa kuchemsha uliopoa hadi ukawa kama mbao. Wakiwa nje siku mbili tatu wananunua samaki kwa wavuvi na kuteremka kisiwani kupika. Kulala ni kwa zamu, juu ya maboya ya kuvaa, nguo zimekauka kwa chumvi zinakukwaruza shingo, na harufu ya petroli haitoki puani. Wiki yake ya kwanza, kaka alilewa bahari mpaka akaomba arudishwe nyumbani kwa mama. Naye ni mtoto wa Konde! Mkubwa wao akampa ndimu anuse, akamwambia kila aliyemo humo amepita hapo.

Nilimuuliza wanasali vipi, boti ikizunguka. Akacheka. Kumbe hilo ndilo rahisi kuliko yote. Ukiangalia ramani, Makka ipo juu yetu karibu sawasawa, kwa hiyo kibla cha Pemba ni kaskazini. Mwenye dira ndiye imamu wenu. Wanasali wawili wawili, wengine wakiangalia maji, na ikigeuka boti katikati ya sala, anayekaa nyuma anairudisha kwa kasia.

Halafu akanambia kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Karafuu haifichiki. Upepo ukitoka kwao kuja kwenu unainusa kabla hujaiona mashua, kabla hujasikia mashine. Unakaa kizani, mara inakuja harufu ya sebule ya bibi yako siku ya sikukuu, katikati ya bahari. "Hapo moyo unakwenda mbio," alisema, "kwa sababu unajua ni mtu wa kwenu."

Kesho yake nikaenda kwa Ami. Nilimkuta anageuza karafuu juani kwenye jamvi, anatoa makonyo yaliyobaki. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza habari ya harufu. Akanitazama kama mwanafunzi aliyefaulu mtihani. Ndiyo maana, alisema, wao walikuwa hawaondoki bila kujua upepo unatoka wapi. Na juu ya magunia wanapakia papa mkavu. Nani atakaa karibu na papa mkavu?

Sasa niseme kidogo kwa nini mtu ahatarishe maisha yake kwa gunia la kiungo. Miaka nenda miaka rudi mkulima wa karafuu alikuwa na mnunuzi mmoja tu wa halali, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na bei ilikuwa inapangwa. Kuna misimu bei ile ilikuwa chini sana kuliko ya ng'ambo. Mtu anaona mikarafuu yake imezaa, anawalipa wachumaji kwa pishi, anaanika, anapima, akipiga hesabu anabakiwa na mikono mitupu. Na ng'ambo ipo pale, usiku mmoja tu. Msimu wa 2011 serikali ya Dk. Shein ilipandisha bei ya daraja la kwanza hadi shilingi 15,000 kwa kilo, na ikaahidi mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Bei ile ilifanya kazi ambayo boti nyingi hazikuiweza. Lakini kuna waliokwisha kula pesa ya tajiri wa Mombasa kabla msimu haujaanza, na deni la tajiri halijui bei mpya.

Na bahari hii haikuanza leo kulindwa. Kimbunga cha 1872 kiliivunja mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika, na ghafla mashamba ya Pemba yakataka watu wa kuyachuma. Mwaka uliofuata Sultani Barghash akatia saini kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Basi watumwa wakawa wanaingizwa Pemba kwa magendo. Waingereza wakaitia nanga meli kubwa ya HMS London bandarini Unguja kuanzia 1874, ikawa inatuma mashua zake ndogo huku kwetu kunyemelea majahazi. Mabaharia wale nao walikaa siku nyingi kwenye mashua, wakiungua na jua na kuugua homa. Disemba 1881 nahodha wa meli ile, Brownrigg, alilisogelea jahazi lenye bendera ya Ufaransa karibu na Pemba. Bendera hiyo ilikuwa kinga, maana Wafaransa hawakukubali vyombo vyao vipekuliwe na Waingereza. Jahazi lilikuwa na watumwa. Akauawa. Zamani walikuwa wanawazuia watu wasiletwe kuchuma karafuu, leo wanazuia karafuu isitoke. Nilimwambia kaka hivyo, akasema hata muhogo wao labda ulikuwa mmoja.

Mkondo huu umepitisha na mengine. Januari 2001, baada ya mauaji ya kwetu, Wapemba zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni kwa mashua. Ami alinambia njia ni ile ile, na baadhi ya manahodha ni wale wale. Hakuongeza neno na mimi sikuuliza.

Nirudi kwenye ugomvi wetu. Habari niliyokua nayo ni hii: 2011 mtoto wa Ami alitoka usiku na magunia kumi na moja. Katikati ya mkondo akasikia mashine nyuma yake. Akaogopa kifungo, akaogopa mashua kutaifishwa, akayamwaga yote majini. Alirudi alfajiri mashua tupu, na deni la tajiri mgongoni. Ami akaapa kwamba aliyekuwa nyuma yake ni kaka, kwamba kaka alijua, kwamba alimwinda ndugu yake wa damu. Nilikuwa bado skuli. Nakumbuka kelele tu.

Kwa sababu ya daftari langu, nilimuuliza kaka jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: usiku ule ulikuwa wapi?

"Nungwi," akasema.

Mv Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kuja Pemba. Zaidi ya watu 200 walipatikana wamekufa, na zaidi ya 1,000 hawakuonekana tena. Boti ya kaka iliitwa kwa redio ya upepo kabla ya jua kuchomoza. Alinihadithia magodoro yanayoelea, na watu walioyakumbatia, na mengine yasiyo na mtu. Alivuta maiti kwa mikono yake siku tatu. Usiku wa Jumamosi ile mtoto wa Ami alipomwaga karafuu, kaka alikuwa ufukweni Nungwi anashikilia tochi.

Nilihesabu tarehe mara mbili. Halafu nikaona ubaya wake. Usiku ule Konde nzima ilikuwa msibani. Nani aliyetoka na magendo usiku ule, na kwa nini ule?

Nilirudi kwa Ami jioni. Sikujua nianzie wapi, nikaitaja tarehe tu. Akaacha kugeuza karafuu. Alikaa kitako kwenye jamvi muda mrefu, kuku wakaja, hakuwafukuza.

"Mimi ndiye niliyemwambia atoke," alisema mwisho. "Nilimwambia leo njia nyeupe. Boti zote zipo Nungwi."

Na ile mashine?

"Wavuvi. Tulijua wiki ile ile. Wavuvi wa Msuka wanarudi."

Sikumuuliza kwa nini basi alimbebesha kaka miaka yote hii. Nadhani nilishajua. Mtu anaweza kusimama barazani akasema mwana wa ndugu yangu alitufukuza. Hawezi kusimama akasema sisi tulipakia magunia huku wenzetu wanasubiri maiti.

Akaniomba nimfikishie. Yeye hawezi, alisema, ulimi umeshakufa.

Usiku nikampigia kaka simu, keshakwenda kazini. Nikamweleza yote. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza, "Magunia mangapi vile?"

"Kumi na moja."

"Ya kilo hamsini?"

"Ya hamsini."

Nikamsikia anapiga hesabu kwa sauti, kwa bei ya msimu ule. Milioni nane na robo. Akavuta pumzi.

"Mwambie Ami nakuja Ijumaa," alisema. "Na asinunue pweza, atajipa gharama bure."