Daftari la "Cha Watu"



Ndugu zangu wapenzi, bila shaka mnakumbuka Juni 2023. Tarehe 7, Benki ya Jamhuri ya Burundi ilitangaza kwamba noti za faranga 10,000 na 5,000 za toleo la 2018 zinaondolewa, tukapewa siku kumi tu kuzipeleka benki. Hapa Buyenzi magodoro yaliinuliwa na vibubu vikavunjwa!

Jirani yangu muuza ndagala alitoa kopo lake la maziwa ya unga, na ndani yake daftari la shule. Kila faranga ilikuwa na mwenyewe: hii ya mtaji, hii ya upatu, hii amana ya wifi yake. Alimaliza kuhesabu kabla chai haijapoa. Nyumba nyingine, ambayo siitaji, pesa zilikuwa nyingi zaidi, lakini mume akisema zote ni zake, mke akisema nusu ni amana ya dada yake. Maandishi hakuna. Dada yule hakanyagi hapo mpaka leo.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara 282, inahusu kuandika deni. Watoto wetu wanaihifadhi madrasa, kisha sisi nyumbani tunakopeshana kwa mdomo, eti kuandika ni kutoaminiana.

Basi kwa anayeanza, nasema daftari kwanza, hata kabla ya akiba. Safu tatu zinatosha: kilichoingia, kilichotoka, na cha watu. Andika kila siku baada ya Isha, hata mandazi, hata vocha. Wanafunzi, mtashangaa vocha zinavyokula kuliko nyinyi wenyewe. Na kwa upande wa zaka, daftari litakuonyesha siku akiba yako ilipofikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, ili mwaka wa Hijria uhesabiwe kutoka hapo.

Kopo lenyewe silisifu. Faranga ilishushwa thamani Mei 2023, na noti zilizolala zikanunua kidogo. Jirani yangu siku hizi hununua gunia la maharage wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na hilo pia huliandika.

Jambo moja zaidi: mwenzako ajue daftari lilipo. Mtu akifariki, deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, na safu ya "cha watu" ndiyo warithi wataisoma kwanza.

Wabillahi tawfiq.