Daftari la Kijiwe cha Kimara

Jumatano, 4 Mei 2022
Bei mpya za mafuta za EWURA, mamlaka ya nishati na maji, zimeanza leo. Petroli Dar es Salaam ni shilingi 3,148 kwa lita. Nilitoa elfu kumi, pampu ikakata kabla ya kufika lita 3.2. Kijiweni wanataja Urusi na Ukraine, na ni kweli: vita vyao vimepandisha bei ya mafuta duniani kote, nasi petroli yote tunaiagiza nje kwa dola. Ila hesabu ya kila siku ya bosi, mwenye bajaji ninayoendesha kwa mkataba, iko palepale. Mwenye sheli anachukua chake, mwenye chombo anachukua chake, dereva anabaki na kinachosalia.

Jumamosi, 14 Mei
Nauli mpya za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, zimeanza. Daladala za hadi kilomita 10 zimetoka 400 hadi 500. Nasi wa bajaji tumepandisha ya kwenda Bonyokwa. Mama mmoja mwenye ndoo ya nyanya aliniuliza, "Mwanangu, na mimi nyanya nimpandishie nani?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Panda mama, utalipa ya zamani." Jioni wafanyakazi wengi walioshuka mwendokasi walipita mbele yetu kwa miguu. Nauli ikipanda, abiria wanapungua. Isipopanda, mafuta yananimaliza.

Jumatano, 1 Juni
Serikali imeweka ruzuku ya shilingi bilioni 100, petroli imeshuka hadi 2,994. Nashukuru, kwa sababu nafuu hii nimeiona mfukoni siku hiyohiyo. Lakini ruzuku inakwenda kwa lita: anayechoma nyingi ndiye anayefaidi zaidi. Gari kubwa la mtu mmoja linakula ruzuku nyingi kuliko bajaji inayobeba watu kutwa nzima. Ningependa fedha kama hizo ziende pia kwenye vitu vitakavyotuondoa kwenye petroli.

Jumatano, 6 Julai
Siku hizi hakuna anayezunguka kusaka abiria. Tunapanga foleni kijiweni, bajaji ikijaa ndipo inaondoka. Abiria wanasubiri zaidi, hasa mchana, na wagonjwa wanaokwenda zahanati ndio wanaoumia. Baadhi ya wenzangu wanazima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Hilo silifanyi. Barabara ya Bonyokwa ina mashimo, na gia ndiyo inayosaidia breki kuushika mzigo. Roho za watu siwezi kuziweka kwenye mizani moja na vijiko vichache vya petroli.

Jumatano, 3 Agosti
Ruzuku ipo, lakini bei imefika 3,410. Elfu kumi sasa hainipi hata lita tatu. Nikaenda Ubungo kuangalia magari ya gesi. Fundi alinionyesha mtungi wa chuma uliofungwa nyuma ya kiti cha abiria, bomba jembamba linalokwenda kwenye injini, na swichi ya kurudi kwenye petroli gesi ikiisha. Kilo moja ni chini ya nusu ya bei ya lita ya petroli, na inakwenda mbali kuliko lita hiyo. Gesi yenyewe ni yetu, ya Songo Songo kule Kilwa, inafika Dar kwa bomba tangu 2004. Tatizo ni gharama ya kufunga: fundi ametaja karibu milioni moja.

Jumapili, 21 Agosti
Nimezungumza na bosi. Amesema, "Maliza mkataba kwanza, chombo kikiwa chako funga unachotaka." Simlaumu, mafuta hanunui yeye. Ndiyo maana bei kubwa peke yake haimhamishi mtu kwenye petroli. Anayehama ni mwenye mtaji, na asiye nao anaendelea kulipa bei ya juu kila siku. Benki ikitukopesha mtungi, tutaulipa kwa tofauti ya bei hiyohiyo. Wakati tunasubiri, tumekubaliana kijiweni kucheza mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, kila mtu elfu tatu kwa siku. Ataanza mwenzetu aliyemaliza mkataba, kwa kuwa yeye haombi ruhusa kwa mtu. Akifunga, tutaandika matumizi yake kila jioni, na hesabu hiyo ndiyo nitakayompelekea bosi.