Neno Moja Katika Barua ya Benki

Katika daftari la Kiingereza la mtoto wetu wa gredi ya saba mna orodha ya visawe ambayo pengine imo katika daftari la mwanao pia, msomaji mpenzi: "accumulate", "amass", "hoard", "pile up", "accrue". Mbele ya yote matano mtoto ameandika neno moja tu la Kiswahili, kukusanya, na mwalimu akalitia alama ya vema. Kwa mtihani hilo linatosha. Sisi wanawake wa nyumba hii, ambao baada ya Magharibi husimamia kazi za watoto barazani, halikututosha, na tunayo sababu.

Lugha yetu wenyewe haikuyatia mambo haya kapuni pamoja. Mwenye kuweka shilingi kumi kumi katika kibubu hudunduliza. Mwenye kungoja kisima kijae tena baada ya kutekwa hulimbika maji, na bibi zetu waliokulia visimani walilijua neno hilo kuliko sisi wa mfereji. Nguo chafu hurundikana pembeni bila ya mtu kukusudia. Mfanyabiashara anayeifungia sukari ghalani mpaka bei ipande huhodhi. Ukilisikia neno, umekwisha kujua kama yuko mtu aliyetenda, na kama alilolitenda ni la sifa au la lawama.

Kiingereza nacho kina tofauti zake, ila mtoto hafundishwi. "Accumulate" limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya lundo, na lundo hilo ndilo lililoyapa jina lake yale mawingu meupe yaliyobebana kama pamba. "Amass" lina asili ya donge, kama donge la unga uliokandwa. "Hoard" ni neno la kale la Waingereza wenyewe. Hapo zamani lilikuwa hazina iliyofichwa, na leo halikosi harufu ya uchoyo. Lakini "accrue" ni jingine kabisa. Limetoka Kilatini likapitia Kifaransa, na maana yake ya asili ni kukua. Hapa hapana mkusanyaji. Kitu kinakua juu ya kitu, na kinachokikuza ni siku zinazopita. Hatushangai kwamba ndilo neno linalopendwa na waandishi wa barua za mikopo: ukilisoma huoni mkono wa mtu.

Tulikutana nalo katika barua iliyokuja kwa wifi yetu akiwa bado yumo edani. Ndugu yetu, Mola amrehemu, alikuwa mvuvi, na alikopa benki kununua mashine ya boti. Alilipa vizuri kwa muda, kisha bahari ikawa haitoi, akasita wakati deni la msingi lilipokuwa limebaki shilingi 60,000. Tulizijua 60,000 hizo, na sote tulidhani ndizo zinazodaiwa. Barua ilitaja 146,593.

Kijana mmoja wa nyumbani alitufasiria kwamba riba "imekusanywa". Basi ami yetu akauliza, kwa haki kabisa, ni nani aliyeikusanya na kutoka kwa nani. Hakuna. Barua ilisema riba "ilikua" kwa asilimia 1.5 kila mwezi, na kwamba ilijumlishwa na deni kila mwezi kabla ya kukua tena. Tulichukua karatasi na kalamu. Mwezi wa kwanza ni shilingi 900. Mwezi wa pili si 900 tena, ni 913 na senti 50, kwa sababu zile 900 nazo zimeanza kuzaa. Ukienda hivyo miezi 60, yaani miaka mitano, unafika pale pale ilipofika barua. Lau riba ingehesabiwa juu ya deni la msingi peke yake, ingekuwa 54,000, na jumla 114,000. Zile 32,593 zilizozidi ni riba iliyozaliwa na riba, na hakuna siku hata moja ambayo ndugu yetu alikopa shilingi hizo.

Nyumbani kukawa na maneno. Kwetu sisi Waislamu deni la maiti hutolewa kabla ya wasia na kabla ya mirathi. Ami alitaka zilipwe zote upesi, hata kwa kuuza boti, ili marehemu apumzike. Shangazi yetu akajibu kwamba kila shilingi isiyo wajibu itakayotoka humo inatoka katika haki ya mayatima watatu, na kwamba wepesi wa kulipa kwa mali ya mtoto si ucha Mungu. Tunasema wazi kwamba tulikuwa upande wa shangazi. Hata hivyo hatukuwa na hoja ya kumpa mwenye barua, isipokuwa huzuni.

Hoja tuliipata kwa wakili kijana wa mtaani. Sheria ya Benki ya Kenya ina kifungu cha 44A, kilichoanza kutumika mwaka 2007. Mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipwi, benki haiwezi kudai riba inayozidi deni la msingi lililokuwapo siku hiyo. Deni likiwa 60,000, riba ikifika 60,000 husimama, hata ipite miaka kumi. Benki inaruhusiwa kuongeza gharama zake za kulifuatilia deni, na hakuna zaidi. Kumbe kuna ukuta, na ukuta wenyewe umo katika sheria, lakini barua haikuutaja. Tunaona kila mwanamke mwenye mume, kaka au mwana aliyekopa benki anafaa akijue kifungu hicho kwa nambari yake, kama anavyoijua nambari ya simu ya nyumbani.

Wakili aliandika ukurasa mmoja. Wifi yetu aliutia saini mwenyewe, baada ya kusomewa kila sentensi kwa Kiswahili na kuuliza maswali hadi akaridhika. Jibu lilichukua wiki saba: shilingi 120,000, na 4,200 za ufuatiliaji. Bado ni nyingi, na riba ni riba. Hakuna aliyefurahi barazani siku ile. Mashine iliuzwa kwa 95,000. Ami, yule yule, alikuwa wa kwanza kutia mkono mfukoni kwa zile 29,200 zilizosalia, na kaka zetu wakamfuata. Boti haikuguswa. Stakabadhi ya benki ilipopatikana mgao ulifanywa, thumuni ya mjane ikatolewa, na iliyobaki ikawa ya watoto.