Baba Anayebeba Mayai

Kila mdogo wake alipopiga simu ya video kutoka Tanga, baba huyu alizima kamera. Hakutaka aonekane na mtoto mgongoni, amefungwa khanga. Mkewe ni muuguzi huko Uingereza wanakoishi. Akitoka zamu ya usiku hulala, na mtoto hubaki na baba.

Jumamosi moja bahari ilipokupwa, walikwenda ufukweni na binti yake wa miaka tisa. Binti aligeuza jiwe, akaona kidudu cha sentimita 2 hivi, chenye miguu minane minene, kimeng'ang'ania anemoni, kiumbe laini mfano wa ua.

"Baba, kina mzigo tumboni!"

Walitafuta kwenye simu. Ni buibui wa bahari, Pycnogonum litorale. Hula kwa kumfyonza anemoni kwa mrija wa mdomo. Kiwiliwili chake ni kidogo mno hata utumbo umeingia miguuni. Hana mapafu wala mashavu kama ya samaki. Hewa hupenya kwenye ngozi. Na ule mzigo ni mayai. Jike akishataga, dume huyabeba chini ya tumbo kwa vijiguu viwili vya ziada, wiki kadhaa, mpaka watoto waanguliwe. Jike hana vijiguu hivyo.

"Kumbe ni kama wewe," binti alisema.

Walilirudisha jiwe taratibu.

Jioni simu iliita. Safari hii kamera haikuzimwa.

"Shikamoo kaka," mdogo wake alisema, kisha akanyamaza kidogo. "Mtoto kashakua! Hebu geuka nimwone vizuri."